Fahali wa Yule Mmoja

Hapo zamani, na msidhani ni ile zamani ya fisi kuvaa koti na sungura kuwa hakimu, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zipo ila chaji iko kwa jirani, palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana kama majogoo. Kimoja Chilambo, cha pili Nghuluma. Katikati palikuwa na korongo kavu. Watu wa Chilambo waliwatupia matusi watu wa Nghuluma ng'ambo ya korongo, na watu wa Nghuluma waliyaokota, wakayanoa, wakayarudisha.

Tegeni masikio. Nawapa mtihani leo, mimi ambaye mitihani yote niliikimbia kupitia dirishani. Na nawaambia mapema kwamba hamtauweza. Wenye miwani ndio watakaoanguka kwanza.

Vijiji hivyo havikuwa na zahanati. Ya karibu ilikuwa mbali kiasi kwamba mgonjwa akibebwa kwa baiskeli, anayeendesha naye alifika mgonjwa. Mama mjamzito aliondoka nyumbani mmoja akafika wawili, kajifungulia njiani kwenye miiba. Wengine hawakufika wawili, na hao sitawataja, maana nimekuja kuwachekesha.

Kosa la nani? La kwao wenyewe! Sensa iliyopita ilipokuja, mtu mmoja alizusha kwamba watakaohesabiwa watatozwa kodi ya kichwa, na mwenye kichwa kikubwa atalipa zaidi. Weee! Watu walikimbilia porini, wenye vichwa vikubwa wakiwa mbele. Karani wa mwaka ule alipofika Chilambo alikuta kuku, mbuzi, na Chatanda.

Chatanda ni nani? Chatanda ni mvivu. Si mvivu kama wewe unayesikiliza hapa huku sufuria linaungua. Ni mvivu wa kuzaliwa. Aliwaona watu wanakimbia, akasema, "Tangulieni, nawafuata," akageukia upande wa pili. Basi serikali ikatazama hesabu yake, ikaona Chilambo ni kijiji cha mtu mmoja, ikaleta dawa za mtu mmoja. Nghuluma nao walikuwa wamekimbia, wakamsahau bwana harusi aliyekuwa amefungiwa ndani. Nao wakaletewa dawa za bwana harusi.

Miaka ikapita. Watu wakaugua, watu wakajuta. Sensa nyingine ikatangazwa, na mkubwa wa wilaya akaja mwenyewe mnadani, akapanda juu ya meza ya muuza mitumba, akasema:

"Zahanati ni moja, vijiji ni viwili. Itajengwa penye watu wengi zaidi. Na kila mtu atahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Si alipozaliwa. Si anapopapenda. Alipolala!"

Hajashuka mezani, Mbeleje keshaanza. Mbeleje alikuwa mwenyekiti wa Nghuluma, mtu ambaye tumbo lake lilifika mkutanoni kabla yake. Alikuwa na fahali aitwaye Kamishna, mweusi tii, nundu kama kichuguu. Kamishna akipita mbele ya kilabu, walevi walisimama kwa heshima.

"Chilambo!" Mbeleje akapaza sauti. "Ninyi mna watu au mna vivuli? Mkituzidi, namtoa Kamishna!"

Mwenyekiti wa Chilambo alikuwa Mama Ndalu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akajibu, "Na ninyi mkituzidi, mimi Ndalu, mwenyekiti mzima mwenye wajukuu, nitakuja kukuchotea maji mpaka masika."

"Utakuja na ndoo yako?"

"Na kata yangu juu!"

Mnada mzima ukapiga vigelegele. Maneno yalikuwa yametoka, na maneno si mate, huwezi kuyameza tena.

Siku ya sensa ikafika. Safari hii hakukimbia mtu. Hata wale wenye vichwa vikubwa walikaa milangoni wamevichana. Karani wa Chilambo alikuwa binti mmoja mwalimu, Restuta, mwenye kishikwambi kifuani na chaki mkononi, kila nyumba akimaliza anaweka alama mlangoni. Mbele yake alitangulia Balozi Chilewa, mzee wa kuonyesha nyumba, amevaa viatu vya matairi vinavyolia kwata, kwata, kwata. Mkisikia kwata mjue ni yeye.

Kwata, kwata, mpaka kwa Chatanda. Chatanda yuko mkekani.

"Jina?" akauliza Restuta.

"Chatanda."

"Kazi?"

"Hii."

Restuta akaandika. Chatanda hakufumbua hata jicho.

Kwata, kwata, mpaka kwa Masinjisa. Hapo sasa simameni vizuri.

Masinjisa aliwahi kumfukuza fisi kwa kandambili. Dunia nzima alimwogopa mtu mmoja tu, mama mkwe wake. Kule kwao, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hali naye, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Lakini kubwa kuliko yote, hamtaji jina. Akilitaja jina la mama mkwe, ameuvua ulimi nguo. Tangu hapo haingii nyumbani kwake, na mtoto wake hampakati, mpaka atoe fahali wa kuusafisha ulimi. Tena awe fahali wake mwenyewe, si wa kuazima, si wa kupewa na mke. Na Masinjisa mali yake yote ilikuwa mbuzi, tena mbuzi wenyewe wa kuhurumiwa.

Sasa ndani ya nyumba ya Masinjisa mlikuwa na nani? Alikuwemo mkewe, Mbumi, aliyejifungua mtoto wao wa kwanza jana yake jioni, kuku wakipanda kulala. Na alikuwemo mama yake Mbumi, mama mkwe mwenyewe, aliyevuka korongo kutoka Nghuluma kuja kumlea mzazi. Masinjisa alikuwa nje kwenye kigoda, amefurahi mpaka anacheka na kuku. Mtoto bado hajamshika. Kwao baba humpakata mtoto kitovu kikishadondoka, na Masinjisa aliisubiri siku hiyo kama watoto wanavyosubiri sikukuu. Alikuwa amekwisha anza kujizoeza kwa kupakata boga.

Restuta akafungua kishikwambi. "Shikamoo baba. Nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Marahaba. Mimi, Masinjisa."

"Na nani?"

"Mke wangu, Mbumi."

"Na nani?"

"Basi."

Ndani mtu akakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, kikavu, kikohozi cha kusema nipo.

"Nani anakohoa?" akauliza Restuta.

"Hakuna."

Ndani mtoto akalia.

"Nani analia?"

"Huyo bado hajawa mtu," akasema Masinjisa. "Kitovu hakijadondoka. Kwetu mpaka kidondoke ndipo anakuwa mtu."

"Na anayekohoa? Naye kitovu chake hakijadondoka?"

Balozi Chilewa akageuka pembeni kuficha meno.

"Karani," Masinjisa akasema huku jasho linamtoka, "andika yule aliyemzaa yule niliyemwoa."

"Nahitaji jina, baba."

"Andika bibi wa yule ambaye bado si mtu."

"Jina."

Masinjisa akamtazama Balozi. Balozi akatazama mawingu. Kwao neno la nyumba halitoki kinywani mwa jirani. Mbumi angeweza kumtaja mama yake, lakini mzazi mbichi hasemi na wageni. Na mama mkwe mwenyewe hawezi kupaza sauti mahali alipo mkwe wake. Yeye haki yake ilikuwa kukohoa, na aliitumia yote.

Restuta akainua chaki. "Baba, asiyetajwa hayupo. Asiyekuwepo serikalini haumwi. Siku bibi akishikwa na homa, kidonge chake kitakuwa hakikuletwa." Akaanza kuchora alama mlangoni.

Masinjisa akaitazama ile chaki. Akaukumbuka mwaka wa dawa za Chatanda. Akalitazama boga lake. Akavuta pumzi kama anayeingia kwenye maji ya baridi.

"SECHELELA!" akapiga kelele, na hapohapo akaruka ua na kutoweka kama anayefukuzwa na nyuki. Ndani chungu kikaanguka. Kuku wakapanda paani. Inasemekana hata Nghuluma walisikia.

Restuta akaandika: Sechelela. Anafunga tu kishikwambi, mlango ukafunguka, Mbumi huyo na mtoto wake kifuani.

"Mama, rudi ndani!" Balozi akashtuka. "Mzazi hatoki!"

"Baba Balozi, mume wangu amebomoa ukuta, mimi nitashindwa na mlango?" akasema Mbumi. "Dada, andika na huyu."

"Alilala hapa?"

"Hakulala hata kidogo, na sisi hatukulala. Lakini alikuwepo."

Restuta akaandika, akicheka. Tangu siku hiyo Masinjisa akahamia zizi la mbuzi. Mbumi naye wanawake wakamnunia, kwamba amemtoa mtoto nje akiwa bado si mtu, na likimpata la kumpata wasiitwe.

Kwata, kwata, mpaka nyumba ya mwisho, kwa Mama Tabita, mjane mpika togwa. Na hapo pana siri, nawaambia ninyi tu.

Chilambo walikuwa na mwalimu wa kwaya, Lugano, kijana wa shati jeupe na sauti ya asali. Lugano alikuwa amemchumbia binti wa Balozi Chilewa. Jana yake alikuwa ameaga kijiji kizima, begi begani, eti anakwenda mjini kwenye kongamano la kwaya. Kwao wakamwambia karani, "Lugano hayupo, amelala mjini." Mjini alilala nani? Lugano alikuwa uvunguni mwa kitanda cha Mama Tabita.

"Nani walilala hapa?" akauliza Restuta.

"Mimi na paka wangu," akasema Mama Tabita.

"Paka hahesabiwi, mama."

"Basi mimi peke yangu. Upweke huo, mwanangu, ndio maisha."

Kule uvunguni Lugano akawaza. Nyumbani wamesema niko mjini. Mjini hawanijui. Hapa nimeitwa paka, na paka amekataliwa. Nchi nzima hakuna Lugano! Akachungulia. Mbele ya pua yake, hatua moja tu, akaviona viatu vya matairi. Akavijua ni vya nani. Akajua akitoka amekwisha. Chaki ikagusa mlango.

Lugano akatoka. Kwanza kichwa, na utando wa buibui juu yake, kisha shati jeupe ambalo sasa lilikuwa la rangi ya udongo. "Andika," akasema. "Lugano. Mwanamume. Mwalimu wa kwaya."

Balozi Chilewa akavua kiatu kimoja. Nitawaambia tu kwamba kile kiatu kilifanya kazi, na kwamba jioni hiyo uchumba ukavunjika na kwaya ikapata mwalimu mwingine.

Haya. Hesabu zikaenda, hesabu zikarudi. Mkubwa wa wilaya akaja na karatasi yake, akapanda tena juu ya ile meza ya mitumba, akasema, "Zahanati itajengwa Chilambo. Chilambo mmewazidi Nghuluma kwa mtu mmoja."

Vigelegele! Mama Ndalu alicheza mpaka kilemba kikaenda kivyake. Kesho yake mchana akaja Mbeleje, anamvuta Kamishna, uso umekunjamana kama aliyetafuna mwarobaini. Akasimama katikati ya watu.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Lakini mimi sikushindwa na kijiji. Nimeshindwa na mtu mmoja, mmesikia wenyewe. Huyo mmoja aje ashike kamba. Mkinipa wawili, narudi naye. Mkibishana mpaka jua liuguse mlima ule, narudi naye. Hakuna kuchinja hapa, hakuna kugawana mapaja. Mtu mmoja, kamba moja!"

"Mbeleje, una hila wewe," akasema Mama Ndalu.

"Hila? Ni hesabu, mama. Si mlizitaka hesabu?"

Watu wa Chilambo wakatazamana. Mmoja! Ni nani yule mmoja?

Wa kwanza kusema alikuwa Masinjisa. Alisimama nyuma ya ua, amegeuza mgongo, maana mama mkwe alikuwa ndani ya mkutano. Alikuwa ananuka mbuzi mpaka mbuzi walikuwa wanamwitikia.

"Jamani," akasema kwa kuuambia ukuta, "yule mmoja alipatikana kwa ulimi wangu. Nisingemtaja, asingeandikwa. Na kwa kumtaja nimelala na mbuzi. Kitovu cha mwanangu kimedondoka juzi, watu wote wamempakata, hata Chatanda amepakatishwa! Mimi baba yake nasikia kilio tu kupitia ukutani. Nipeni fahali niusafishe ulimi, nikamshike mwanangu. Sitaki kingine."

Wengine wakasema, "Apewe!"

Akasimama Bibi Sechelela, fimbo mkononi. "Mwambieni mkwe wangu," akasema kwa kumtazama Balozi, "jina lile ni la nani? Ni langu! Amelichukua bila kuomba, amelipigia kelele kama anauza samaki, sasa anataka alipwe kwa jina langu. Aliyehesabiwa ni mimi. Tena mimi nimevuka korongo. Ningelala kwangu Nghuluma, wao wangepanda na ninyi mngeshuka. Wengine wote ni mtu mmoja, mimi ni mmoja wa huku na mmoja wa kule!"

"Mwambieni," Masinjisa akauambia ukuta, "jina bila ulimi ni kikohozi tu."

"Mwambieni kikohozi changu kilikuwepo kabla ya ulimi wake!"

Mbeleje akaona mwanya. "Bibi ni mtu wetu wa Nghuluma! Kama ni yeye, basi fahali analala alikolala jana, zizini kwangu."

"Nyamaza, Mbeleje," akasema bibi. "Miaka yote nimekaa Nghuluma hujawahi kunipa hata mkia."

Balozi akamuuliza kwa upole, "Bibi, ukimpata Kamishna, si umsamehe mkweo?"

Sechelela akashusha sauti. "Baba, mimi moyoni nilikwisha samehe siku ileile. Lakini fahali wa ulimi hupokelewa na kaka zangu, na hutoka mkononi mwa mkwe. Akiwa wangu, nitampaje mkwe fahali wangu aje anilipe mimi? Huo si utakaso, huo ni mchezo wa watoto. Na mimi sijawahi kumiliki hata kwato. Nilizaa mabinti, ng'ombe wa mahari yao walipita mbele yangu wakaenda kwa wajomba na baba zao. Namtaka huyu."

Mbumi akainuka, mtoto mgongoni. "Mama shikamoo, na wewe mume wangu pole huko ulipo. Lakini ninyi mlikuwa duniani tayari. Mama amehamishwa tu kutoka ng'ambo ya korongo, kama debe. Mimi nimeleta mtu ambaye hakuwepo! Asubuhi ile Chilambo ilikuwa na watu wake, jioni ikawa na mmoja zaidi. Nani amemleta? Nikaacha mila, nikamtoa nje, na mpaka leo nikipita kisimani wanawake wanashusha macho. Mwanangu akipiga chafya tu, wanaambiana, si tulisema. Yule mmoja ni huyu hapa mgongoni, na fahali ni wake, na mimi nitamshikia."

"Fahali wa mtoto si ndiye fahali wa baba?" mtu akauliza.

"Si wa baba," akasema Balozi. "Cha mtoto hakiwezi kumnunulia baba ruhusa ya kumshika mtoto." Na watu wakaona kweli, hiyo ingekuwa fedheha.

Hapo Lugano akakohoa, kikohozi cha kwaya. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema.

"Chekeni," akasema. "Nyumba ya Mama Tabita ilikuwa ya mwisho, na mimi nilikuwa wa mwisho kuandikwa. Mwisho wa hesabu ndipo penye kuzidi, hata mtoto wa chekechea anajua. Hawa wote walitajwa au walitolewa. Mimi nilijitoa mwenyewe, na viatu nimeviona! Nimepoteza mchumba, nimepoteza kwaya, na mgongo huu una alama ya tairi. Nipeni fahali nikamtolee mahari Mama Tabita mchana, watu wakiona."

"Umepoteza ulichokuwa unakiibia," akasema Mbumi.

"Ningekaa kimya uvunguni, nisingepoteza kitu, na ninyi mngepoteza zahanati," akajibu Lugano. Hapo hata Balozi Chilewa akakitazama kiatu chake kwa aibu kidogo.

Watu wakagawanyika. Hawa Masinjisa, hawa bibi, hawa Mbumi, hawa Lugano. Matusi yaliyokuwa yakivuka korongo sasa yakabaki nyumbani. Mbeleje akakaa juu ya jiwe, akalitazama jua, akaanza kupiga mluzi.

Ndipo sauti ikatoka kivulini. "Jamani, na mimi je?"

Alikuwa Chatanda. Hakuinuka. Aliinua mkono tu, tena mmoja.

"Wewe umefanya nini, Chatanda?" akauliza Mama Ndalu.

"Sijafanya kitu," akasema Chatanda. "Nilikuwepo. Niondoeni mimi kwenye hesabu muone. Mnabaki na nini? Mnabaki sawasawa na Nghuluma. Muondoeni bibi, sawasawa. Muondoeni mtoto, sawasawa. Basi huyo mmoja si anaweza kuwa mimi? Tena sensa ile mlipokimbia, mimi nilikuwa kijiji kizima. Mwenye uzoefu wa kuwa mtu mmoja hapa ni nani?"

Mnacheka? Watu wa Chilambo hawakucheka. Kila mtu aligeuka akamtazama mwenzake, kisha akajitazama. Muuza chumvi akasema, "Kwani mimi je? Nilitaka kwenda gulioni siku ile, nikabaki." Mama mmoja akasema, "Na mimi!" Mwingine, "Na mimi!" Mpaka kijiji kizima kikawa kinajipiga kifua, na kila kifua kilikuwa na haki.

"Kimya!" sauti ndefu ya Mama Ndalu ikapasua. Akaenda kwa Mbeleje, akaichukua ncha ya kamba. Mbeleje hakuiachia ncha yake. Kamishna katikati, anacheua, hana habari kwamba yeye ndiye kesi.

Jua likateremka. Mtoto mgongoni mwa Mbumi akaamka akaanza kulia. Kule nyuma ya ua, mikono ya Masinjisa ikanyanyuka yenyewe, ikakaa mkao wa kupakata, ikakuta hewa. Akairudisha nyuma ya mgongo, akaishika mmoja kwa mwingine isije ikanyanyuka tena. Bibi Sechelela aliiona. Akaishika fimbo yake kwa nguvu, akatazama chini, lakini hakusema kwamba anaacha madai. Na kusema kweli, kwa nini aache?

Mkono wa Mama Ndalu umenyooka na kamba. Anasubiri kijiji kimtajie jina moja.

Hapo ndipo ninapowaachia, na msilete ujanja wa darasani. Msiseme wote, maana Mbeleje pale juu ya jiwe anaomba mseme wote ili aondoke na fahali wake. Msiseme zahanati yatosha, maana zahanati haimrudishi mtu nyumbani kwake. Msiseme Masinjisa kwa huruma tu, kama ulimi haukuzidi kikohozi. Na usimcheke Chatanda kama huna jibu la kumjibu, na najua huna.

Jua limebakiza upana wa kidole kuugusa mlima. Wewe uliyelala Chilambo usiku ule, fungua mdomo. Je, yule mmoja ni nani, na kamba apewe nani?